Watoto Wetu na Hesabu za Majani Yanayopukutika



Ndugu zetu wazazi na walezi, tunapenda leo tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo huingia majumbani mwenu kila jioni likiwa ndani ya mikoba ya watoto, na wengi wenu hamjapata kulitupia jicho. Nalo ni zile karatasi za hesabu za mafumbo, yaani hesabu zinazoletwa kwa njia ya kisa: fulani alikuwa na vitu kadhaa, akapewa vingine, akagawa, je amebaki na vingapi?

Sisi walimu wa madrasa hatufundishi hesabu za shule. Lakini watoto hutujia alasiri na mikoba yao, na kabla ya kufungua juzuu zao hututaka tuwasaidie kazi waliyopewa. Kwa hiyo karatasi hizi tunaziona nyingi. Na kila ifikapo Septemba hadi Novemba, hasa katika shule za binafsi zinazotoza ada kubwa, karatasi zinazoletwa hufanana. Pembeni pamechorwa majani mekundu na ya manjano. Chini pamechorwa maboga yenye macho na meno. Na mafumbo yake ni ya namna hii: mtoto amekusanya majani makavu kwa reki akajaza mifuko sita, kindi ameficha kokwa za mwaloni 48 katika matundu manne, familia imekwenda shambani kuchuma matufaha, imerudi na vikapu vitatu, joto la asubuhi limeshuka kutoka nyuzi 59 hadi 41, je limeshuka kwa nyuzi ngapi?

Haya anaulizwa mtoto wa Nyamirambo, wa Biryogo, wa Rwamagana. Mtoto ambaye katika miezi hiyo hiyo anaruka madimbwi ya mvua kwenda shule, na nyumbani kwa bibi yake shambani wanapanda maharage.

Tunasema wazi tangu mwanzo, bila kuzungukazunguka: karatasi hizi hazimfundishi mtoto wetu hesabu. Zinamfundisha kutosoma. Na tutaeleza kwa nini.

Vuli hii ni ya nani?

Kwanza tuelewane juu ya msimu wenyewe. Katika nchi za kaskazini kama Marekani, Kanada na Ulaya, dunia inapozunguka jua ikiwa imeinama, mchana hurefuka sana kipindi kimoja na kufupika sana kipindi kingine. Mji wa Boston kule Marekani hupata mchana wa saa 15 hivi mwezi wa Juni, na saa 9 hivi mwezi wa Desemba. Katikati ya hapo, kuanzia Septemba, baridi inaanza, mwanga unapungua, rangi ya kijani katika majani ya miti mingi huvunjika na rangi ya manjano iliyokuwa imefichwa chini yake hujitokeza, kisha majani hupukutika. Wakati huo huo matufaha na maboga yanakuwa yameiva, na shule zimetoka kufunguliwa. Huo ndio msimu wenyewe.

Sisi Kigali tuko takriban nyuzi 2 tu kusini mwa Ikweta. Mchana wetu ni wa saa 12 mwaka mzima, ukizidi au kupungua ni kwa dakika chache. Miezi ya Septemba hadi Desemba kwetu inaitwa umuhindo, nao ni msimu wa mvua. Ndipo wakulima wanapopanda mahindi na maharage ya msimu wa kwanza. Baadaye huja urugaryi, ukavu mfupi wa Januari na Februari, kisha itumba, mvua kubwa, kisha impeshyi, kiangazi kirefu.

Sasa tazameni tatizo linavyozidi. Ukifungua kamusi kutafuta jina la msimu ule wa wazungu kwa Kiswahili, mara nyingi utaambiwa ni "vuli". Lakini vuli ya Waswahili wa pwani ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati mbegu zinaota. Na ukitafuta kwa Kinyarwanda, utaambiwa ni "umuhindo", nao vilevile ni mvua na kupanda. Kwa hiyo mwalimu mwenye nia njema akiifasiri karatasi ile, mtoto atasoma kwamba wakati wa mvua, mimea inapochipua, majani yote ya miti yamekauka na kuanguka na watu wanayazoa kwa reki. Mtoto mwenye akili atauliza: miti imepatwa na nini? Wala hatajibiwa, kwa sababu kengele ya hesabu ni dakika 40 na mwalimu ana watoto wengi. Baada ya siku kadhaa za kutojibiwa, mtoto mwenye akili anaacha kuuliza. Hapo ndipo madhara yanapoanzia.

Waliozitunga hawana kosa

Tutende uadilifu. Mwalimu wa kule aliyetunga fumbo la kindi na kokwa za mwaloni hakukosea hata kidogo. Amefanya kazi yake barabara. Alichungulia dirishani mwa darasa lake, akamwona kindi juu ya mwaloni akikusanya akiba ya majira ya baridi, akajua kwamba watoto wake wamemwona pia asubuhi ile wakija shule. Akachukua kile wanachokijua akakitia ndani yake kile wasichokijua bado, yaani kugawanya 48 kwa 4. Mtoto wa kule akilisoma fumbo hilo anamwona kindi, anaona matundu manne, anaona kokwa zinavyogawika, na jibu la 12 linamjia akiwa analiona kwa macho ya akili.

Huyo ni mwalimu hodari, na sisi tunapaswa kumwiga. Lakini tumeiga nini kwake? Tumeiga kindi wake. Hatukuiga kuchungulia kwake dirishani. Tumechukua jibu la kazi yake tukaiacha kazi yenyewe. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na hapa tumemvisha mtoto koti la baridi kali na kumpeleka kwenye mvua ya Kigali.

Hatuzungumzii hapa hukumu ya ile sikukuu ya tarehe 31 Oktoba ambayo kwayo maboga huchongwa nyuso. Hiyo ina mlango wake. Tunazungumzia hesabu. Mtoto wetu anajua kwamba boga hupikwa, na majani yake pia ni mboga. Akisoma kwamba maboga 15 yamechongwa macho na kuwekwa mlangoni, swali linalomjia kichwani ni moja tu: kwa nini hawayali? Na swali hilo halimo kwenye karatasi.

Madhara yake hasa ni yapi

Wako wanaosema: "Maalim, kisa hakina neno. Hesabu ni namba. Mtoto achukue namba, ajumlishe au atoe, mambo yaishe." Maneno haya tumeyasikia kwa wazazi na, la kusikitisha, tumeyasikia kwa walimu. Nayo ndiyo maradhi yenyewe.

Mwaka 1980 watafiti wa hesabu wa Grenoble, Ufaransa, walitoa matokeo ya swali la ajabu waliloliuliza watoto wa shule ya msingi. Waliwaambia kwamba melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, kisha wakauliza umri wa nahodha. Bila shaka swali hilo halina jibu. Idadi ya mbuzi haikuambii umri wa mtu. Lakini kati ya watoto 97 walioulizwa, 76 walitoa umri wa nahodha kwa kuzichezea namba zile, wengi kwa kujumlisha wakapata 36. Mwalimu wa Kifaransa Stella Baruk akaandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1985, na jina la kitabu chake ndilo hilo hilo, umri wa nahodha.

Watoto wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamefunzwa. Walikuwa wamejifunza darasani kwamba kisa cha hesabu ni ganda la kutupwa: unakitupa, unachukua namba, unazifanyia kitu, unapewa alama ya vema.

Na msidhani ni Ufaransa tu. Marekani yenyewe, katika mtihani wa taifa ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1983, vijana wa miaka 13 waliulizwa: wanajeshi 1,128 wanasafirishwa kwa mabasi, kila basi linabeba 36, je yanahitajika mabasi mangapi? Wengi waligawanya sawasawa: 31, baki 12. Lakini asilimia 29 wakaandika kwamba yanahitajika mabasi "31 baki 12". Basi lililobaki likoje? Ni asilimia 23 tu waliosema 32, maana wale 12 nao ni watu na lazima wasafiri.

Ikiwa watoto wa kule, wanaopewa visa vya kwao, wanaweza kuacha kusoma namna hii, mnatarajia nini kwa mtoto ambaye kila kisa anachopewa hakielewi? Mtoto wetu analo jambo lingine juu ya hilo. Kinyarwanda ni lugha yake ya mtaani, Kiswahili mara nyingi ndicho cha nyumbani kwetu, nacho ni lugha rasmi nchini tangu 2017, Kiarabu anakikuta kwetu madrasa, na hesabu anazisoma kwa Kiingereza kufuatana na uamuzi wa serikali wa mwaka 2008 uliokifanya kuwa lugha ya kufundishia. Kwa hiyo fumbo la kindi lina makufuli matatu. La kwanza ni namba. La pili ni lugha. La tatu ni ulimwengu ambao hajauona. Yakimshinda, mwalimu anaandika kosa jekundu na kusema mtoto huyu hajui kugawanya. Amejuaje? Kufuli lipi limemshinda?

Na akishinda, ndugu zetu, tunahofia zaidi. Kwa maana ameshinda kwa kutupa kisa na kuokota namba. Amepata 12, hajui ni 12 za nini, na wala hajali. Alama ni vema, mzazi anafurahi, na mtoto amejifunza kwamba maneno hayana maana. Je, huyu kesho akikabidhiwa mkataba wa mkopo atausoma?

Kubadilisha majina hakutoshi

Zipo shule zilizolisikia lalamiko hili na zikafanya dawa ya haraka. Karatasi ni ile ile, lakini John amekuwa Yusufu, Emily amekuwa Zaynabu, tufaha limekuwa embe, na dola imekuwa faranga. Mmoja wetu alionyeshwa karatasi ya namna hiyo na mtoto wa darasa la tatu: Zaynabu amenunua maembe 5 kwa faranga 4 kila moja.

Jamani! Katika soko gani la Rwanda kuna embe la faranga 4? Sarafu yenyewe ya faranga 4 ingetoka wapi? Mtoto huyo hutumwa dukani kila siku, anajua bei ya kiberiti, anajua bei ya chumvi, anajua chenji. Ujuzi wake wote huo wa dukani tunamwambia auache mlangoni, aandike 20, apate vema.

Ziko nyingine zilizoachiwa dola na senti ili mtoto ajifunze desimali: dola 2.75 ukitoa dola 1.50. Faranga yetu haitumiki kwa senti. Desimali tunayo kwingine, na ni tele: kilo 2.75 za mchele kwenye mizani, lita 1.5 ya mafuta, meta 3.25 za kitambaa cha kanzu kwa fundi. Huko ndiko mtoto anakokutana na nukta ya desimali, wala si kwenye fedha.

Na lile fumbo la joto lililoshuka kutoka nyuzi 59 hadi 41 ni hatari kuliko yote. Kule wanapima kwa kipimo cha Fahrenheit. Hizo ni nyuzi 15 na nyuzi 5 kwa kipimo chetu cha Selsiasi, asubuhi ya ubaridi. Lakini mtoto wetu anajua Selsiasi tu, na Kigali joto mara chache hupanda zaidi ya nyuzi 30. Kwa hiyo yeye anasoma kwamba asubuhi ya baridi ilikuwa nyuzi 59! Anatoa, anapata 18, anapewa vema, na hakuna mtu katika darasa zima aliyeshtuka kwamba wamezungumzia joto ambalo binadamu hawezi kuishi ndani yake. Kwa kipimo chetu jibu lingekuwa 10. Hesabu imekuwa sahihi na elimu imekuwa sifuri.

Majibu kwa wanaotupinga

Hoja ya kwanza: "Watoto lazima waijue dunia, msiwafungie Nyamirambo." Tunakubali kabisa. Msimu wa majani kupukutika ufundishwe, tena ufundishwe vizuri, katika somo la jiografia. Mwalimu alete chungwa na taa, aoneshe dunia inavyoinama, aoneshe kwa nini mchana wa Boston unafupika na wa Kigali haufupiki, aoneshe picha za miti hiyo. Baada ya hapo, akiwapa fumbo la kokwa za mwaloni, ni furaha tupu, kwa sababu sasa wanaona. Sisi tunapinga kumtahini mtoto kwa jambo ambalo hakuna aliyemfundisha, kisha kuiita hiyo hesabu.

Tena ndugu zetu walioko Brussels, Ottawa au Maine, kwao tunasema kinyume chake. Watoto wenu wanaishi ndani ya msimu huo. Watoeni nje wakahesabu majani, wakapime maboga, wakaandike joto la kila asubuhi. Huko ndiko kwao, na fumbo hilo ni lao. Mcheza kwao hutunzwa, popote kwao palipo.

Hoja ya pili: "Karatasi hizi ni za bure, na mwalimu hana muda wa kutunga." Hii ni hoja ya kweli na hatuidharau. Mwalimu amechoka, darasa limejaa, mshahara mdogo. Na tangu kalenda ilipobadilishwa baada ya janga la korona la mwaka 2020, mwaka wa masomo wetu huanza Septemba kama wa kule, kwa hiyo karatasi za majani mekundu zinamkuta mwalimu wakati huo huo anapotafuta mazoezi ya muhula wa kwanza. Lakini wazazi mnaolipa ada kubwa, ulizeni: ada hiyo inanunua nini? Ikiwa ni wino wa kuchapia karatasi za bure, basi mnauziwa kilicho bure.

Hoja ya tatu: "Visa vya sokoni na vya shambani ni vya kishamba, vitamrudisha mtoto nyuma." Hii ndiyo hoja inayotuudhi. Tuwape mfano wa Recife, Brazil. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto watano wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza nazi na vitu vingine mitaani. Walipoulizwa hesabu palepale kwenye biashara, walipata karibu asilimia 98. Walipowekwa chini wakapewa hesabu zile zile kwa mafumbo ya visa, walipata karibu asilimia 74. Walipopewa namba tupu bila kisa, karibu asilimia 37. Watoto ni wale wale na hesabu ni zile zile. Kilichokuwa kikiwabeba ni kukijua kile kinachohesabiwa. Sasa nani amerudishwa nyuma na soko?

Na kwa kuwa tunazungumza na familia za Kiislamu, tukumbushane kwamba aliyetupatia jina la aljebra, al-Khwarizmi, aliandika kitabu chake Baghdad katika zama za khalifa al-Ma'mun, aliyetawala mwaka 813 hadi 833. Yeye mwenyewe alieleza kwamba amekiandika kwa ajili ya mahitaji ya watu katika mirathi, wasia, kugawana mali, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mafumbo ya mirathi: mtu amefariki, ameacha watoto kadhaa na wasia wa kiasi fulani. Elimu ya juu kabisa ya hesabu ya zama zake ilizungumza juu ya mambo yaliyokuwa mlangoni mwa watu. Hakuona kuwa ni ushamba.

Mafumbo ya msimu wetu

Asije mtu akasema tunabomoa bila kujenga. Haya hapa mafumbo tuliyoyatunga kwa msimu huu huu wa mvua. Mzazi anaweza kumsomea mtoto jioni, kwa lugha yoyote wanayoelewana.

1. Watoto 47 wamekuja madrasa. Mkeka mmoja unakaliwa na watoto 6. Tutandike mikeka mingapi? (Ni 8. Mtoto akisema "7 baki 5", mwulize: hao watano wakae kwenye tope?)

2. Bibi ana mistari 8 ya maharage. Kila mstari una mashimo 25, na kila shimo ametia punje 2. Ametia punje ngapi? Ikiwa katika kila punje 10 moja haikuota, zimeota ngapi? (400, na 360.)

3. Mstari una urefu wa meta 5. Shimo la kwanza liko mwanzoni kabisa, na kila baada ya sentimeta 20 kuna shimo jingine hadi mwisho. Mashimo ni mangapi? (Wengi watasema 25. Ni 26, na asiyeamini achukue kijiti akachore chini ahesabu.)

4. Trei moja inabeba mayai 30. Mama ana mayai 137 ya kupeleka sokoni. Trei zilizojaa ni ngapi, na jumla ahitaji trei ngapi? (Zilizojaa 4, zinazohitajika 5. Ni majibu mawili tofauti kwa maswali mawili tofauti.)

5. Kwa watoto wakubwa: paa la bati linafunika eneo la meta 6 kwa meta 5. Mvua ya usiku imepimwa milimeta 20. Milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Limeanguka maji kiasi gani juu ya paa? Ikiwa thuluthi imemwagika pembeni, tunajaza jerikani ngapi za lita 20? (Lita 600. Zinabaki 400, sawa na jerikani 20.)

6. Mwaka wa mwezi una siku 354 na mwaka wa kawaida wa jua una siku 365. Ramadhani inarudi nyuma siku ngapi hivi kila mwaka? Baada ya miaka mitatu je? (11, na 33. Sasa mtoto mwenyewe ataeleza kwa nini Ramadhani huikuta mvua miaka mingine na kiangazi miaka mingine.)

Tazameni fumbo la kwanza na la nne. Ni lile lile la mabasi ya wanajeshi lililowashinda vijana wa miaka 13. Lakini mtoto aliyewahi kukosa nafasi kwenye mkeka hawezi kusema "7 baki 5", kwa sababu yeye mwenyewe amewahi kuwa hiyo baki.

Tunawaomba nini

Kwanza, leo usiku mfungueni mtoto mkoba, mchukue karatasi moja ya mafumbo, na kabla ya kumwuliza jibu mwambieni asimulie kisa kwa maneno yake: nani, anafanya nini, kwa nini. Akishindwa kusimulia, jueni hata jibu lake sahihi ni la kubahatisha.

Pili, katika kikao cha wazazi, semeni. Msiseme kwa ugomvi, semeni kwa adabu: mwalimu wetu, tunaomba mafumbo ya mwezi huu yawe ya mwezi huu. Na mjitolee. Fundi cherehani aandike mafumbo matano ya kitambaa, mwenye duka matano ya chenji, dereva wa moto matano ya mafuta na umbali. Shule yenye wazazi 40 wanaofanya hivyo itakuwa na mafumbo 200, na hakuna karatasi ya kuazima itakayoshindana nayo.

Tatu, walimu wenzetu wa madrasa, tusikae pembeni tukisema hesabu si fani yetu. Mtoto anayezoea kupita juu ya maneno ya fumbo bila kuyaelewa huzoea kupita juu ya maneno yote, hata yale tunayomsomesha sisi. Tumekuwa tukilalamika kwamba watoto wanahifadhi bila kufahamu. Basi tujue kwamba ugonjwa huo una milango mingi, na mmoja wapo una picha ya jani jekundu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa.